Kusema kwa Mchoro

Msomaji, huenda wewe nawe umeambiwa kuwa uchoraji ni kazi ya mtu asiye na kazi. Niliambiwa hivyo nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Homa Bay, nikachagua somo la Sanaa na Ubunifu. Baba yangu, aliyekuwa mchimba dhahabu upande wa Macalder katika Migori, aliniuliza kama picha huliwa. Sikumjibu, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Nililipata baadaye, na nililipata kwa aibu.

Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini watu hawakuacha kuitafuta dhahabu kwa sururu na koleo. Shimo likiisha dhahabu huachwa wazi, na mvua zikinyesha majani hulificha. Shimo la namna hiyo lilikuwa kando ya njia yetu ya kwendea mtoni. Likizo moja majirani waliniomba, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa uchoraji, niandike ubao wa kuwaonya wapitao.

Nilifurahi mno. Niliupaka ubao rangi ya kijani, nikaandika juu yake maneno mengi ya Kiingereza kwa herufi zenye mikia na vivuli, kisha nikazizungushia maua ya manjano. Wapita njia walisimama wakanisifu. Nilizipokea sifa zao zote, wala sikumwuliza hata mmoja wao ubao ulisema nini.

Kabla ya likizo kwisha mtoto wa miaka saba alitumbukia shimoni wakati wa magharibi. Alitolewa kwa kamba akiwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika. Nilipokwenda kumpa pole bibi yake hakunigombeza. Alisema kwa upole, "Mwanangu, ubao wako niliuona. Nilidhani mtu anataka kufungua duka pale."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Bibi yule hakusoma shule, na Kiingereza hakukijua. Nilikuwa nimemwandikia mwalimu wangu, na zaidi nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Yule aliyehitaji onyo sikumkumbuka.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu yote yaliyotokea. Aliniuliza maswali matatu, nami nakupa wewe kama nilivyopewa: Ni nani atakayeutazama mchoro wako? Atautazama akiwa mbali kiasi gani na katika mwanga gani? Akisha kuutazama, wataka afanye nini? Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alama ya kusimama barabarani ina pembe nane. Dereva huitambua kwa umbo lake, hata kabla hajasoma neno lililo juu yake.

Likizo iliyofuata niliandaa ubao mwingine. Niliupaka rangi nyeupe, nikauzungushia ukingo mnene mwekundu, na katikati nikachora mtu mweusi aangukaye shimoni kichwa chini. Chini yake niliandika neno moja tu la Dholuo lenye maana ya shimo, kwa herufi nene zisizo na mapambo. Kabla ya kuupigilia misumari niliupeleka kwa bibi yule, nikausimamisha mbali naye hatua ishirini, jua likiwa linakuchwa. Aliutazama kidogo akasema, "Apitaye hapa ataanguka." Hakunisifu, nami sikuzihitaji sifa.

Tangu siku ile nazitazama kazi za kale za nchi yetu kwa jicho jingine. Nenda Thimlich Ohinga katika Migori, mahali palipoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake, ambazo yamkini zilijengwa katika karne ya 16, zimesimama bila saruji wala udongo wa kuunganisha, kwa sababu kila jiwe limewekwa pale lifaapo kulishika jingine. Kisha vuka maji uende kisiwa cha Mfangano katika Homa Bay. Huko utaona duara nyekundu na nyeupe zilizochorwa juu ya miamba na watu wa zamani. Rangi ingali yaonekana, lakini yote aliyokusudia mchoraji hayatufikii, kwa kuwa wale aliosema nao hawapo tena. Kuta zile zafundisha kuwa umbo jema ni lile lifanyalo kazi. Miamba ile yafundisha kuwa mchoro huhitaji mtu wa kuufahamu.

Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia sekondari ya juu, na sanaa pamoja na michezo ni mmoja wa mikondo mitatu waliyowekewa kuchagua. Kama umeuchagua mkondo huo, usione haya. Jifunze kunyoosha mstari, kupima nafasi na kuchanganya rangi. Lakini kabla hujaigusa brashi, mfikirie mtu utakayesema naye. Uzuri usioeleweka ni kama taa iliyofunikwa kwa kitambaa cha hariri.

Siku tuliyousimamisha ubao wa pili, baba alikuja na nyundo yake mwenyewe. Alipigilia misumari minne, akarudi nyuma hatua chache, akautazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza tena kama picha huliwa.