Kutega na Kutegua

Wapenzi wa lugha, leo sikuleta shairi. Nimeleta kitenzi kimoja na jamaa zake, nami nawaomba mnivumilie niwapitishe kwanza kwenye nyaya, kwa kuwa huko ndiko nilikokutana nacho.

Mchana mimi ni fundi wa ving'ora vya wezi hapa Dar es Salaam. Zamani paneli ya king'ora ilikuwa kisiwa: sanduku la chuma ukutani, betri ndani yake, nyaya za kwenda kwenye milango na sensa za mwendo, na honi yake nje. Siku hizi mwenye jengo hutaka paneli hiyo izungumze na mfumo wa usimamizi wa jengo, ule unaoendesha viyoyozi, taa na pampu za maji. Nia yake ni ya busara. Mtu wa mwisho akitoka jioni na kutega king'ora, viyoyozi vizimike vyenyewe. Mwizi akivunja dirisha usiku, taa za ghorofa hiyo ziwake.

Ugumu ni kwamba mitambo hii miwili haikupata malezi mamoja. Paneli ya king'ora imefunzwa kushuku kimya. Katika kila mkondo wa waya hupita umeme mdogo mchana na usiku, na mwisho wa waya kuna rezista ya kiasi kinachojulikana. Paneli ikisoma ukinzani ule ule, hutulia. Waya ukikatwa, au mtu akiziunganisha nyaya mbili ili aidanganye, ukinzani hubadilika na paneli hutoa taarifa. Ni kama mlinzi anayekohoa usiku kucha ili wenye nyumba wajue kuwa yu macho. Siku asipokohoa ndipo watu huamka.

Mfumo wa jengo una desturi nyingine. Modbus, itifaki iliyoletwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ina adabu ya kizamani: mdogo hasemi mpaka aulizwe. Kila kifaa hupewa namba kati ya 1 na 247, na mkubwa huvipitia kimoja kimoja akivijulia hali. BACnet, iliyopitishwa kuwa kiwango cha ASHRAE mwaka 1995, ina uhuru zaidi: kifaa kinaweza kuomba kipashwe habari pale tu hali inapobadilika. Hapo kimya ndiyo amani. Basi fikirini paneli inayokiogopa kimya ikiunganishwa na mtambo unaokitegemea. Waya wa kati ukikatika, skrini inaweza kuendelea kuonyesha hali ya mwisho iliyopokewa, "salama", kana kwamba hapana lililotokea. Ndiyo maana fundi mwangalifu huongeza pigo la moyo: biti moja inayobadilika kila baada ya sekunde chache, na isipobadilika, mfumo utangaze kuwa mawasiliano yamekatika.

Katika BACnet kuna huduma iitwayo Who-Is, yaani "ni nani?", na jibu lake huitwa I-Am, "ni mimi". Mafundi wenzangu hupenda kusema kwamba hiyo ni hodi ya mitambo. Sikubaliani nao. Hodi husemwa na mgeni aliye nje ya mlango, na aliye ndani ndiye mwenye hiari ya kusema karibu. Who-Is hupigwa mtandao mzima, na kila anayehusika hujitaja bila kuuliza anayeita ni nani. Hiyo ni sauti ya mama anayewaita watoto magharibi. Na mtoto mwema, tunajua, huitika hata sauti isiyokuwa ya mama yake.

Narudi kwenye vitenzi. Cha kwanza kunisumbua kilikuwa kufunga. Fundi hufunga king'ora, maana yake hukiweka mahali pake. Mwenye ofisi hufunga mlango. Ukifunga bomba, maji husimama. Ukifunga saketi, umeme hupita. Nikimuuliza kijana wangu kwa simu, "Umefunga?", naye akajibu "Nimefunga", bado sijajua kama mlango umerudishiwa, swichi ya sumaku imewekwa, au umeme unapita. Wala si sisi peke yetu. Katika itifaki ya Contact ID, ambayo paneli nyingi huitumia kupeleka habari kwenye kituo cha ulinzi, tukio hutanguliwa na tarakimu: 1 kwa jambo jipya au kufungua, 3 kwa hali kurejea ilivyokuwa au kufunga. Ofisi ikifunguliwa asubuhi hupelekwa tarakimu ile ile inayopeleka habari ya mwizi.

Kutega ndicho kitenzi chetu halisi, nacho kina ndugu yake tayari: kutegua. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua, funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua, tega na tegua, na sijui lugha ya kiufundi inayohitaji zaidi ya hapo ili kueleza kazi nzima ya king'ora. Wawindaji walitupa maneno haya kabla ya umeme. Nilifurahi sana nilipoyaona. Furaha hiyo ilipungua katika jengo moja la ghorofa 6, ambalo sitalitaja.

Niliitwa huko baada ya tukio. Mfumo ulikuwa umewekwa na watu wengine, na kila kitu kiliandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza na namba. Jioni moja meneja wa ghorofa ya 4 alitoka akatega king'ora. Mfumo wa jengo ulipokea habari na papo hapo ukazima viyoyozi na taa zote, za ukumbi na za ngazi pia. Ndani ya stoo, ambamo hamna sensa, alikuwamo mama mmoja mfanya usafi. Alijua kwamba ukumbini kuna sensa. Akasimama gizani, akampigia simu mlinzi wa chini amwulize kama anaweza kutoka. Mlinzi, mzee wa makamo aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alitazama skrini, akaona maneno yasiyomweleza kitu, akamwambia, "Njoo tu, mama." Akaja. Honi ikalia. Alikimbia ngazi gizani, akaanguka, akateguka kifundo cha mguu.

Ripoti niliyopewa ilisema kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa na kwamba mfanya usafi alikiuka taratibu. Sentensi ya kwanza ni ya kweli, na ndiyo inayotisha.

Taa hazikuwa kazi kubwa. Sasa king'ora kikitegwa, taa za ukumbi hubaki kwa dakika 15, na za ngazi hazizimwi na mfumo kamwe. Meneja aliomba pia mlinzi aweze kutegua king'ora kutoka kwenye skrini ya jengo. Nilikataa, nikamweleza sababu: katika jengo lile habari za BACnet hupita bila kufichwa, na yeyote atakayechomeka kompyuta yake kwenye mtandao ataweza kutoa amri hiyo. Kiwango cha 2020 kina BACnet/SC yenye usimbaji, lakini vifaa vya pale ni vya zamani. Mfumo wa jengo usikilize tu. Kutegua kubaki kwenye paneli, kwa namba ya siri.

Yakabaki maneno. Kila kifaa cha hali mbili katika BACnet kina nafasi mbili za maandishi, moja ya hali tulivu na moja ya hali hai. Mara moja niliwaza IMETEGULIWA na IMETEGWA. Nikamwamkia mzee, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma hadi kwenye kiti chake.

"Fundi, kutoka hapa yote mawili ni imeteg."

Kweli, herufi sita za mwanzo ni zile zile, na saa nane za usiku jicho halifiki ya saba. Nikamwuliza yeye angesemaje.

"Kukiwa na mtego, andika KUNA MTEGO. Usipokuwapo, njia nyeupe."

Niliona ni lugha ya safari, si ya mitambo. Lakini kila nilipotafuta kasoro sikuipata. NJIA NYEUPE hairandani na KUNA MTEGO hata kwa umbo, na inajibu swali lile lile ambalo mama aliuliza kwenye simu. Nikaiandika.

Majina ya milango nayo yalinirudisha kwenye ushairi bila kutaka. Kibao cha paneli kina mistari miwili ya herufi 16. Kumi na sita! Mshororo mzima, nikadhani, kumbe kibao huhesabu herufi na nafasi, hakijui mizani. MLANGO WA GHALA ni herufi 15, NGAZI ZA DHARURA ni 16 kamili, DIRISHA LA STOO 15, na yote matatu yana mizani sita sita. Mlango wa nyuma wa ghala haukuenea.

Mshauri wa mwenye jengo ameandika kwamba mkataba unataka lebo za Kiingereza. Ghorofa ya 4 ingali ya Kiswahili. Nyingine tano zinangoja barua ijibiwe. Na lebo moja bado imenishinda: ile ya mtu anapochokoa kifuniko cha paneli ili aiharibu. IMEGUSWA haitoshi, kwa maana hata kitambaa cha mfanya usafi hugusa. IMECHOKONOLEWA ni herufi 14 peke yake, kabla hujataja ni nini. Mwenye neno fupi na anipe, lisizidi nafasi 16 pamoja na neno PANELI.