Dengu ndani ya nyama ya Mama

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa Juba. Tulitaka kuandika kuhusu kazi, lakini mambo ya kazi mnayajua tayari, hakuna jipya. Wacha tuwaambie kuhusu nyama.

Tunaishi watano Gudele, vyumba viwili na uwanja mdogo wa kupikia. Watatu wetu tumelelewa Kakuma na Mama mmoja, ingawa aliyezaliwa naye ni mmoja tu. Wa nne ni ndugu yetu wa Bukavu, tulisoma naye kambini akatufuata huku kutafuta kazi. Wa tano ni dada wa Omdurman, alifika Juba baada ya vita vya Sudan kuanza Aprili 2023. Kiswahili amejifunza kwetu, sisi tumejifunza kwake kupika.

Mwaka jana Mama alituma ujumbe kwamba anakuja. Alivuka mpaka kuingia Kenya mwaka 1994, kambi ikiwa na miaka miwili tu, na tangu hapo hakuwa amekanyaga Juba. Nchi ilipata uhuru 2011, yeye akisikiliza redio Kakuma. Alisema angoje kidogo aone. Desemba 2013 vita vikaanza, akasema mmeona? Julai 2016 tena, akanyamaza kabisa. Sasa mgao umepunguzwa, ukapunguzwa tena, hadi akasema: nakuja kuangalia kama huko mnakula.

Hilo neno ndilo lilitusumbua. Hakusema anakuja kutuona. Kuangalia kama tunakula! Tukaamua siku atakayofika ale nyama, na aione kwa macho.

Ndugu wa Bukavu aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye makazi ya wageni wa mashirika. Huko alijifunza kitu wanachokiita mkate wa nyama. Ni nyama ya kusaga, unaichanganya na viungo, unaifinyanga iwe kama mkate mrefu, unaioka, halafu unaikata vipande mezani. Akasema kipande kimoja kinene kinajaza sahani kuliko mchuzi wenye vinyama vitatu vinavyoogelea. Tukakubali. Shida ni kwamba pesa yetu ilitosha kilo moja na robo tu, na watu tulikuwa kumi na mmoja ukihesabu majirani na shangazi wa Munuki. Nyama ya Juba mnaijua, bei ya asubuhi si ya jioni. Kwa hiyo lazima tuchanganye kitu. Lakini kitu gani?

Hapo ndipo ugomvi ulianza.

Wa Bukavu akasema mkate, hakuna mjadala. Kwao mipira ya nyama huwekwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Mwingine akasema wali, manake unajaza tumbo. Wa tatu akasema viazi, kama katlesi za Wakenya. Dada wa Omdurman akataka tujaribu kisra iliyokauka, kwa sababu ilikuwa imebaki na kutupa ni dhambi. Basi tukachukua ile robo kilo, tukaigawa mafungu manne, kila mmoja akachanganya lake. Tukakaanga vidonge vidogo kwenye kikaango kimoja, tukaonja wote.

Mkate ulikuwa mzuri. Unafyonza yale maji ya nyama, hayaishii kwenye kikaango, na nyama inabaki laini. Lakini wa Bukavu alizidisha, nusu kwa nusu, ikawa ukitafuna ni kama sponji yenye harufu ya nyama. Halafu mkate Juba si wa bei rahisi, unga wa ngano unasafiri kutoka nje, mwingi kupitia Nimule.

Wali ulishindwa. Tuliuchanganya ukiwa bado wa moto, punje zikateleza, kidonge kikafunguka chote kwenye mafuta. Dada akasema wali ungepoa kwanza na kupondwa kidogo ungeshika. Labda.

Viazi vilishika vizuri mno. Ladha ya nyama ikapotea, tukala viazi. Kisra nayo ilifyonza maji vizuri, lakini mnajua kisra ni unga wa mtama uliochachushwa. Ule uchachu ulibaki. Sisi tuliupenda. Shangazi angesema nyama imeharibika.

Karanga za kusaga tulizijadili tu. Zinaleta mafuta na utamu, lakini mmoja wa majirani waliokuwa waje akila karanga anavimba mdomo. Tukaziacha.

Tukakaa. Ndipo dada wa Omdurman akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani kwa nini hamweki dengu? Zimejaa Konyo Konyo, na ni rahisi kuliko vyote mlivyotaja."

Kukawa kimya. Sisi watatu wa Kakuma tulitazamana.

Kwa ambao hamkukulia kambini: dengu za manjano, zile zilizopasuliwa, ndizo zilikuwa mgao. Unga, dengu, mafuta, foleni. Miaka na miaka. 2015 ilipokuja Bamba Chakula, ukawa unaweza kununua vitu vingine kwa wenye maduka kwa kutumia simu, watu walifurahi kama siku ya harusi. Lakini mtoto aliyekulia dengu hazimtoki kichwani. Mmoja wetu alipopanda gari kutoka Kakuma aliapa mbele ya watu kwamba hatazila tena mpaka kaburini. Na sasa tumpikie nani? Mama, aliyekuja kuangalia kama tumetoka kwenye zile dengu!

Tulimweleza dada. Akasema kwao pia dengu ni chakula cha siku za mwisho wa mwezi, kila mtu analijua hilo, na hakuna anayeona aibu. Halafu akatuuliza swali ambalo lilituuma, "Mnataka Mama ashibe au mnataka asijue?"

Ukweli ni kwamba tulitaka asijue.

Tukanunua vikombe viwili vya dengu. Tukaziloweka usiku kucha, asubuhi tukazichemsha kwa maji kidogo hadi zikaiva na maji yakakauka kabisa. Hapo msifanye haraka. Dengu zenye maji zitafanya mkate wenu uwe uji. Tukazianika kwenye sinia zipoe, tukaziponda. Kilo moja ya nyama ya kusaga tukaikanda kwanza na chumvi peke yake, hadi ikaanza kunata mikononi. Huo unato ndio unaoshika mkate usipasuke. Halafu dengu, kama theluthi ya nyama kwa kukadiria kwa macho. Vitunguu viwili vilivyokaangwa, kitunguu saumu, dhania, bizari, pilipili manga, mayai mawili, na konzi moja ya mkate mkavu uliosagwa kunywa maji yaliyobaki.

Oveni hatuna. Tuliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, juu yake tukaweka sufuria ndogo yenye nyama, tukafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko, vile wanavyooka keki za harusi Kakuma. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nyama ya kusaga si kama kipande kizima, uchafu wa nje umeshachanganyika hadi ndani, kwa hiyo ni lazima iive mpaka katikati. Tulichoma kwa uma, maji yaliyotoka yakawa meupe, tukaitoa. Tukaiacha ipumzike kabla ya kukata. Ukikata ikiwa ya moto sana inavunjika, wa Bukavu alitupigia kelele juu ya hilo.

Mama alifika jioni, vumbi la njia ya Kapoeta na Torit likiwa bado kwenye kitambaa cha kichwa. Tukamwekea kipande kinene kuliko vyote. Akanawa, akaomba, akakata kipande, akatafuna polepole. Sisi tukajifanya tunaongea na shangazi.

"Nyama ni kilo ngapi hii?" akauliza.

Mmoja wetu, hatutamtaja, akasema, "Tatu, Mama."

Mama akaangalia sahani, akaangalia watu. Akakata kipande cha pili, akakifungua kwa vidole kwenye mwanga wa taa. "Hizi ni dengu," akasema.

Jamani! Yule aliyeapa mpaka kaburini alitamani ardhi ipasuke. Tukasema ukweli wote mara moja, kila mtu kwa mdomo wake: ni kilo moja, pesa haikutosha, tulijaribu mkate, tulijaribu wali, Mama utusamehe.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Zile kababu nilizokuwa nawapikia Krismasi Kakuma, mlidhani ni nyama tupu? Nilikuwa nanunua robo kwa muuza mbuzi, robo! Nyinyi mlikuwa saba. Ningewapa hivyohivyo, wawili wangekula na watano wangenitazama."

Hatukujua. Miaka yote hiyo tulihesabu siku ya Krismasi kama siku isiyo na dengu.

Halafu akaacha kucheka, akamgeukia yule aliyesema tatu. "Dengu hazijaniudhi. Hiyo tatu ndiyo imeniudhi. Mimi nimekuja kujua mnaishi vipi. Ukinidanganya kuhusu nyama, nitakuuliza vipi kuhusu mengine?"

Basi usiku ule tulimwambia mengine. Kodi ya nyumba. Maji ya kununua kwa pipa. Mshahara wa wa Bukavu uliochelewa miezi miwili. Homa ya mmoja wetu ambayo hatukuwahi kumwandikia. Yeye naye akatuambia ya kwake: kwamba kuna siku anapika mara moja tu, na kwamba kwenye simu alikuwa anatudanganya kuwa ameshiba. Tulidanganyana pande zote mbili, kumbe.

Alikaa wiki tatu, akarudi Kakuma. Mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha tatu, na Mama amesema hataondoka mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo ataamua. Hatukuweza kumshawishi zaidi ya hapo, na kwa kweli baada ya kumwambia hesabu zetu zote, hatukujua tungemshawishi kwa lipi.

Ila sasa akipiga simu anauliza, "Leo kilo ngapi?" Nasi tunamjibu kweli. Siku nyingine tunamjibu, "Leo dengu tupu, Mama." Anasema, "Na huku vilevile." Tunacheka kidogo, tunaendelea na habari.

Yule aliyeapa sasa anakula, ila anasema ni lazima ziwe ndani ya kitu. Tumemruhusu.

Na nyinyi huko, nyama ikiwa haitoshi mnaongeza nini? Kama kuna aliyefaulu na wali atuandikie, maana dada wa Omdurman bado anasema kosa lilikuwa letu.