Msifunge Tiketi za Ziwani

Mwaka 2025 nilitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa mtumishi wa umma hapa Kenya, na ulikuwa mwaka mbaya wa kutoka kazini. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kando ya ziwa letu la Viktoria, kutoka Usenge hadi Muhuru, makarani wa data waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudi makwao. Haukupita muda, katika mradi mmoja wa programu huria nilioutumikia kwa miaka mingi na ambao sitautaja, mmoja wa watunzaji vijana akaleta pendekezo: tiketi zote, yaani ripoti za hitilafu, ambazo wenyewe wamenyamaza zifungwe kwa mkupuo, orodha ipungue, watu wapumue. Nilipinga. Kura zikapigwa, nikashindwa. Naandika haya kwa sababu ubishi ule bado haujaisha moyoni mwangu.

Habari za utoto hazitachukua nafasi. Nilizaliwa Kisumu, mtaa wa Nyalenda. Baba alikuwa karani wa bohari ya reli, mama akiuza omena soko la Kibuye. Nilisoma shule za mjini, nikaenda chuo cha KMTC kusomea kumbukumbu za afya, kisha nikarudi kufanya kazi katika vituo vya mji ule ule ambao hospitali yake kuu wenyeji wanaiita Russia hadi leo, kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga. Nilioa, nikalea. Basi.

Aliyenifunza kazi tulimwita Jaduong', kama tunavyomwita kila mzee anayestahili heshima. Alikuwa ofisa wa kumbukumbu wa zamani, mwenye mwandiko wa kunyooka kama wa cheti cha kuzaliwa, na hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Mezani pake palikuwa na kaunta buku nyeusi aliyoipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza: mtu alifanya nini. Ya pili: alitarajia nini. Ya tatu: kilitokea nini. Ya nne: ni nani, na anapatikana wapi. Ya tano ilikuwa nyembamba, na ndiyo aliyoilinda kuliko zote, maana hapo hakutia alama yeye mwenyewe. Muuguzi au karani aliyeleta shida ndiye aliyetia sahihi kwamba imeondoka. Kama hajaja, mstari ulibaki wazi, hata mwaka ugeuke.

Siku moja nilimwambia kwamba kitabu kinajaa mistari ya zamani, afadhali tuifute tuanze ukurasa safi. Akanitazama juu ya miwani. "Nyathina, mwanangu," akasema, "aliyeleta shida ndiye anayejua kama imekwisha. Wewe unajua tu kwamba umechoka kuiona." Sijapata kusikia sheria bora zaidi ya kusimamia tiketi, na nimesoma miongozo mingi iliyoandikwa na watu wenye sifa kubwa. Bugzilla yenyewe, iliyotolewa na Mozilla mwaka 1998, ilitenga hali mbili: hitilafu kutatuliwa, na utatuzi huo kuthibitishwa. Waliobuni ule mfumo walikuwa mbali sana na Kisumu, lakini walikuwa wameiona safu ya tano.

Programu zilipotufikia, zilitukuta na mizigo. Utafiti wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.9, Kisumu ilikuwa 17.5, na Homa Bay 19.6. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ya bluu, fomu ya MOH 257, na kila mwisho wa mwezi makarani walizipitia kadi hizo moja moja ili kujaza ripoti. Kwa majirani zetu wa Eldoret kazi ilikuwa imeanza mapema: kituo cha afya cha Mosoriot kilipata mfumo wa kompyuta mwaka 2001, kutoka huko ukazaliwa OpenMRS mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Baadaye Wizara ya Afya ikapata KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS. Nawaambia vijana jambo hili mara kwa mara kwa sababu wengi hudhani programu huria ni kitu cha kupokea kutoka ng'ambo. Mojawapo ya programu kubwa za afya duniani mizizi yake iko hapa magharibi mwa Kenya.

Nami niliingia kwa mlango wa nyuma. Makarani waliona hitilafu, hawakujua pa kuzipeleka, wakanipigia simu. Nikawa naandika tiketi kwa niaba yao: nikisikiliza Kijaluo, nikiuliza maswali ya Jaduong' kwa Kiswahili, nikiandika Kiingereza. Mchana nilikuwa na ajira yangu, jioni nilikuwa na tiketi. Baada ya muda, ule mradi ukanipa ruhusa ya kuzipanga, kisha kuzigawa, kisha kuwapokea wachangiaji wageni. Hapo niliwaiga watu wa OpenMRS, ambao nawasifu bila kusita: kwao tiketi mpya hungoja kwanza kutathminiwa, haiitwi tayari mpaka mtu aielewe, na zile nyepesi huwekewa alama ya kuwa za wanaoanza, ili mwanafunzi asije akapewa kazi ya kumvunja moyo. Wamekuwa wakipokea wanafunzi wa Google Summer of Code tangu 2007, na ustahimilivu huo unaonekana katika majibu yao.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Kliniki moja ya kisiwani ilituletea tiketi ya mistari miwili. Karani aliandika, kwa lugha ya haraka, kwamba mtu mmoja anakuwa wawili. Basi. Hakuna picha ya skrini, hakuna toleo la programu. Mtunzaji mmoja aliyekuwa nchi ya mbali alijibu siku hiyo hiyo kwa adabu ya kutosha: kwangu haitokei, tafadhali leta kumbukumbu za seva. Karani hakujibu. Mradi ulikuwa umeweka roboti ya GitHub inayosafisha tiketi zilizozubaa, kwa mipangilio inayokuja nayo: siku 60 za kimya inabandika alama, siku 7 nyingine inafunga. Ikafunga. Karani alikuwa ameandika mwezi wa Aprili.

Mtu yeyote wa ziwani anajua Aprili ni nini. Uvuvi wa omena hufungwa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, samaki wazaane. Wavuvi wa omena hawakai pwani kutazama maji miezi minne; huhama, wengine huenda kutafuta mbuta kwenye fuo nyingine, wengine hurudi shambani. Dawa zao wanazifuata kliniki iliyo karibu na walipo. Agosti wanarudi. Kwa hiyo hitilafu yoyote inayohusu mgonjwa kuhama kliniki hufufuka Aprili, hulala Mei na Juni, hufufuka tena Agosti. Roboti ya siku 67 haiwezi kuijua. Inahesabu kimya cha mtu, haijui kalenda ya samaki.

Nilikwenda mwenyewe. Nilipanda feri Luanda Kotieno hadi Mbita, kutoka Mbita nikachukua mashua. Nikaketi kando ya karani, nikamwomba asinieleze kitu, afanye kazi yake tu. Akaingia mvuvi aliyetoka upande wa Siaya, kadi yake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Namba ya mgonjwa wa kliniki hizi ina tarakimu 10: tano za mwanzo ni za kituo alichoandikishwa, tano za mwisho ni zake, nayo humfuata popote aendapo. Kwenye kadi ya zamani mwandishi alikuwa ameweka kistari katikati, akaacha sufuri za mbele. Karani aliiandika kama alivyoiona. Skrini ikasema hakuna matokeo. Chini ya maneno hayo, kikubwa, cha kijani, kilikuwapo kitufe cha kusajili mgonjwa mpya. Foleni ilifika nje ya mlango. Akakibonyeza.

Papo hapo mtu mmoja akawa wawili. Yule wa kisiwani anakunywa dawa vizuri. Yule wa Siaya, ambaye ni yeye yule, baada ya mwezi anahesabiwa kuwa ameacha matibabu, na mhudumu wa afya wa jamii anatumwa kumtafuta nyumba kwa nyumba, akiuliza majirani, katika kijiji ambacho huenda hawajui hali yake. Hilo ndilo lililonikera kuliko takwimu. Siri ya mtu inatolewa nje na kistari.

Yule mtunzaji aliposema kwangu haitokei alisema kweli. Alikuwa akiandika namba safi. Na kumbukumbu za seva alizoziomba zisingeonyesha kitu, kwa kuwa seva haikukosea; ilitafuta ilichoambiwa. Hitilafu ilikuwa baina ya wino wa zamani na sanduku la kutafutia, mahali ambapo hakuna programu inayoandika kumbukumbu.

Niliifungua tiketi upya, nikaiandika kwa safu za Jaduong', nikaiwekea alama ya wanaoanza. Mwanafunzi wa Maseno akaichukua. Dawa yake ilikuwa mistari michache: ondoa kila kisicho tarakimu, rudisha sufuri zilizopotea, ndipo utafute. Alituma ombi lake la kuunganisha msimbo, na likakaa. Mkaguzi wa kwanza alitaka majina ya vigezo yabadilishwe. Akabadilisha. Wa pili akataka jaribio jingine. Akaongeza. Kisha, bila kumwambia lolote, mtunzaji mwenye cheo aliandika upya jambo lile lile kwa mtindo wake, akaliunganisha kwa jina lake, akafunga ombi la kijana kwa neno moja: limepitwa.

Nilisimama juu ya jambo hilo na sikuketi. Tangu 2018 GitHub inatambua mstari wa waandishi-wenza mwishoni mwa ujumbe wa badiliko. Kuuweka hakugharimu hata dakika. Niliambiwa kilicho muhimu ni msimbo kufanya kazi, jina ni mapambo. Wanaosema hivyo mara nyingi ni wale ambao majina yao tayari yako kila mahali. Kijana wa Maseno anayetafuta kazi Kisumu hana barua ya mapendekezo kutoka kwa mjomba. Ana historia ya mabadiliko aliyoyafanya, basi. Mwishowe jina lake liliwekwa katika maelezo ya toleo. Yeye mwenyewe hakurudi tena kwetu, na simlaumu.

Nawaelewa watunzaji waliochoka. Wengi wao wanajitolea, usiku, baada ya kazi ya mshahara, na orodha ya tiketi elfu inamkaba mtu. Siku hizi wameongezewa balaa la ripoti zinazotungwa na akili mnemba. Daniel Stenberg, mtunzaji wa programu huria ya curl, amelilalamikia hadharani, na ana haki. Lakini tazameni mwenendo wa ripoti hizo bandia. Hazinyamazi. Ukiuliza swali, jibu la aya kumi linakuja kabla hujainuka kitini. Anayenyamaza ni karani ambaye umeme umekatika, ambaye bando limeisha, ambaye ana wagonjwa mlangoni. Ukifanya kimya kuwa kosa, unawalinda waongo na kuwaadhibu wa kweli.

Vijana wangu mnaochukua kazi hii, shikeni haya. Salamu kabla ya swali. Karani amekuletea kitu bila malipo, mshukuru. Usimuulize toleo la programu kabla hujamuuliza alikuwa anamfanyia nani kazi gani. Akiandika Kiswahili, mjibu Kiswahili, tafsiri uifanye wewe. Usimwambie mtu kwamba tatizo lake halitarekebishwa bila kumpa sababu anayoweza kuisimulia kwa mkubwa wake. Na usiandike kwangu haitokei mpaka umeona mikono yake juu ya kibodi, kwa macho yako au kwa simu.

Jaduong' alifariki kabla ya haya yote, na kaunta buku yake ikaenda bohari pamoja na majalada mengine. Nilipotoa hoja yake katika mjadala wa kufunga tiketi, niliambiwa kwamba walioziandika hawapo tena kazini, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha. Ndiyo hoja iliyoshinda kura. Lakini wagonjwa wapo. Namba zao zipo. Kistari kingine cha namna ile kinaweza kuwa ndani ya mojawapo ya zile tiketi, na aliyekiona ameondolewa kwa uamuzi uliofanywa Washington, si kwa sababu alikosea alichokiona.

Nawaomba mnaoshika funguo za miradi hii ya afya: zimeni roboti ile kwa tiketi zilizotoka kliniki. Wekeni hali ya kumngoja mripoti isiyo na saa ndani yake. Mkitaka orodha ipungue, gawaneni tiketi chache chache kila mmoja, mpigieni simu aliyeandika, hata kama hana ajira tena, na mumlipe muda wake. Makarani hao wengi wako huko huko Mbita, Sena na Usenge, na namba zao za simu ni zile zile.