Kushuka Makiso Kutafuta Gari la Kuvuta Kinu

Barabara ya taifa namba 4, ile inayotoka Kisangani kwenda Banalia na Buta, inakatiza nchi ya mpunga. Kilomita hamsini na kitu kutoka mjini unafika Bengamisa, na huko ndiko uliko ushirika wetu. Wakulima wametawanyika vijijini, kulia na kushoto kwa barabara, na wengi walikuwa wakiuza mpunga na maganda yake kwa bei ya kuumiza, kwa kuwa mashine ya kukoboa ilikuwa mbali nao. Mama aliyetaka kuuza mchele ilibidi autwange mwenyewe, au amlipe kijana asukume magunia kwa baiskeli mpaka senta. Baiskeli hizo naziheshimu sana. Miaka ya vita, mto ulipofungwa kati ya Kinshasa na Kisangani na malori yakatoweka, zilisaidia kuulisha mji huu, na waliozisukuma walivuka msitu kwa miguu. Lakini vijana wale walikuwa wakizeeka kabla ya umri wao, na mimi sikukubali tuendelee hivyo.

Tukaamua kinu kiwafuate wakulima. Fundi wetu wa kuchomelea alijenga trela lenye paa la bati. Nyuma alifunga mashine ya aina ya Engelberg, mtindo uliobuniwa Brazil miaka ya 1880 na ambao bado unapendwa, maana fundi wa kijijini anaweza kuufungua na kuufunga mwenyewe. Katikati akaweka injini ya dizeli ya silinda moja, na mbele kitanda cha mbao cha vijana wawili watakaolala huko huko kazi ikiwapeleka mbali. Ulaya watu huvuta trela za kulala namna hii wakienda likizo, na sheria za kule haziruhusu trela lisilo na breki zake lenyewe kuzidi kilo 750. Letu tulilipima kipande kwa kipande kwenye mzani wa magunia, likakaribia kilo 1,200. Kwa hiyo tulilitafutia ekseli yenye breki: gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, na msukumo huo huo unavuta kebo inayobana breki za magurudumu yake. Kilichobaki kilikuwa gari.

Mama Prezida alinituma mimi, sekretere wa ushirika, nishuke mjini pamoja na Mzee Makanika, mtu aliyezeekea chini ya Land Cruiser. Dola zetu tulizichagua noti moja moja, maana kwetu Kongo noti iliyochanika kidogo tu pembeni haipokelewi.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki, mvua ikiwa imeanza msimu wake. Sijui msafiri mwingine aliyewahi kwenda Kisangani polepole kama tulivyokwenda siku ile. Kila penye bwawa la tope Mzee alimsimamisha dereva, akashuka, akapima kina kwa fimbo. Penye mitaro iliyochimbwa na magurudumu ya malori alipima pia upana kutoka mtaro mmoja hadi mwingine. “Papa Sekretere, andika hapo,” aliniambia. “Gari tutakalonunua litapita hapa na trela mgongoni. Wauzaji watatuonyesha rangi na redio. Sisi tutawauliza juu ya shimo hili.” Niliandika yote. Tulipofika daraja la mto Tshopo, karibu na bwawa la umeme, nilikuwa na kurasa zilizojaa vipimo vya barabara, na vipimo hivyo vilitusaidia kuliko ushauri wote tuliopewa baadaye mjini.

Ukishavuka daraja unapita komini ya Tshopo, halafu unaingia Makiso, moyo wa Kisangani: soko kuu, maduka ya jumla, kanisa kuu karibu na mto, ofisi za serikali. Zipo kuta zenye alama za risasi za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wa watu wengine. Umeme ukikatika, jenereta zinaunguruma mtaa mzima. Magari ya kuuzwa hayana uwanja mmoja. Moja liko kwenye ua wa mfanyabiashara, jingine mbele ya gereji, jingine mlinzi wa ofisi anakunong'oneza kwamba bosi wake analiachia. Unatembea, unauliza, unarudi.

La kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa Prado yenye injini ya lita 3.0 ya turbo, imeingia Kongo kwa upande wa Uganda, usukani kulia, safi kama imetoka dukani. Ina nguvu, na kwenye lami ingevuta trela letu bila shida. Mzee alifungua boneti, akaangalia, akaifunga taratibu. Injini ile inasukuma mafuta ndani ya silinda kwa shinikizo linalopita bar 1,000, kupitia matundu membamba sana, na kompyuta ndiyo inayoamua. Inataka dizeli safi kabisa. Na sisi tunanunua wapi? Sehemu ya mafuta ya Kisangani hupanda kwa majahazi kutoka Kinshasa, safari ya mto ya kilomita zipatazo 1,700, halafu yanamiminwa kwenye mapipa, kutoka mapipa kwenda madumu, na huko vijijini tunayapata kwa Kadhafi, muuzaji wa mafuta wa kando ya njia, aliyeyapanga kwenye chupa mezani. Njia nzima hiyo maji na uchafu vinaingia. Sindano za injini ile zikiharibikia karibu na Banalia, fundi wa kuzitengeneza hayupo. Usukani wa kulia nao ni hatari kwetu tunaoendesha upande wa kulia: ukitaka kulipita lori, huoni mbele mpaka umeshatoka nje na gari lote, na trela liko nyuma yako.

Mzee alikuwa na injini moja kichwani tangu tunaondoka nyumbani: 1HZ ya Toyota. Silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, pampu ya mafuta inafanya kazi bila kompyuta. Mwendo wake ni wa uzee. Lakini nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika, na hapo ndipo unapoihitaji ukiwa unatoka kwenye tope na mzigo nyuma. Na kila gereji ya Makiso ina vipuri vyake, vipya au vya kuvuliwa.

Tuliona pikapu ya Land Cruiser ya mtindo wa HZJ79 yenye injini hiyo, rangi mpya inang'aa. Mzee alilala chali chini yake, akaomba kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kusugua shasi nyuma kidogo ya kabini. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea. Pikapu hizi zikibebeshwa kupita kiasi, shasi huchoka mahali hapo na kupasuka. Muuzaji akasema, “Mzee, ile ilikuwa kazi ndogo tu.” Mzee akamjibu kwa heshima, “Mwanangu, trela litavuta pale pale.” Tukaagana vizuri.

Kisha likaja lililonitamanisha: HZJ78 nyeupe, ndefu, iliyokuwa ya shirika la misaada, alama za nembo zikionekana bado mlangoni. Daftari la matengenezo lilikuwa kamili, kila oili na tarehe yake. Hapo mimi ndiye niliyeuliza, kwa kuwa karatasi ndiyo kazi yangu. Magari mengi ya mashirika huingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Likiuzwa kwa mtu binafsi au ushirika, msamaha unakoma, na lazima ushuru ulipwe kwa DGDA, ofisi ya forodha, kabla ya gari kubadili jina. Niliomba cheti cha malipo hayo. Muuzaji, ambaye naye alilinunua mnadani, hakuwa nacho, akatuambia tutashughulikia baadaye. Baadaye ni kwenye kizuizi cha barabara, usiku, na kinu cha wakulima kimeshikiliwa pamoja na gari. Nililiacha kwa uchungu, na hadi leo naamini lilikuwa gari zuri.

Tulilolinunua lilikuwa kwenye ua wa mfanyabiashara wa kahawa: pikapu HZJ75 ya mwaka 1996, usukani kushoto, bati limekunjamana pembeni, viti vimeshonwa upya kwa turubai. Tulifika kabla ya jua kupanda, bila kutoa taarifa. Mzee aliweka kiganja chake juu ya injini kabla hajasalimiana na mtu yeyote. Ilikuwa baridi. Hilo ndilo analolisisitiza kuliko yote, na mimi nalirudia kwa kila anayeniuliza: injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha ugonjwa wake. Iliwaka kwa mzunguko mmoja, ikatoa moshi mweupe mdogo, ukaisha. Moshi ungebaki wa bluu, ingekuwa inakula oili. Alifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akaangalia kama hewa inapuliza kwa nguvu kutoka chini. Ilikuwa inapumua kidogo tu. Kijiti cha oili hakikuwa na rangi ya maziwa, wala maji ya rejeta hayakuwa na mafuta juu yake. Hilo la maji ni kubwa kwa 1HZ, kwa sababu ikichemka mara moja tu vibaya, kichwa cha silinda kinaweza kupasuka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha, Mzee alihesabu mkanda mpya ndani ya bei papo hapo.

Kasoro zilikuwepo. Grisi ilivuja kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, na ndoano ya kuvutia ilikuwa imechomelewa kwenye bampa, jambo ambalo halifai kabisa. Ndoano lazima ifungwe kwa boliti kwenye shasi yenyewe. Lakini shasi ilikuwa nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na spring za majani zipo mbele na nyuma, ambazo mhunzi yeyote anaweza kuzirekebisha.

Tuliomba jaribio la mzigo. Mfanyabiashara, mtu muungwana, alituazima trela lake na magunia ya kahawa. Tulipanga mzigo hivi kwamba mkono wa trela ulale juu ya ndoano kwa uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya trela zima. Ukiwa mwepesi mno, trela linayumba nyuma yako. Ukiwa mzito mno, gari linakaa kwa nyuma na usukani unapoteza ardhi. Tukateremka hadi daraja la Tshopo kwa gia ndogo, tukageuza, tukapanda tena kwa gia ya nguvu ya magurudumu manne. Mshale wa joto haukusogea. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Bengamisa.

Mwenye gari alitaka dola 14,000. Tulimtajia mkanda, grisi, ndoano na matairi mawili, tukakubaliana 11,500. Kisha ikaja kazi ya karatasi, na sikuiharakisha: kulinganisha namba iliyogongwa kwenye shasi na ile ya karti roze (kadi ya gari), hati ya mauzo kwa mthibitishaji, bamba la namba kwa jina la ushirika, bima. Tangu sheria ya 2015 kufungua soko la bima, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, si mlango pekee tena, kwa hiyo uliza bei zaidi ya mahali pamoja. Wakati mimi natembea ofisi kwa ofisi, Mzee alikuwa gerejini akifunga mkanda mpya, sili za mbele, na ndoano ya pete iliyobanwa na boliti nene kwenye shasi. Pete inaliruhusu trela kupinda na kulalia upande bila kuchomoka, na vipimo vya mitaro tuliyoiandika vilitaka hivyo.

Tulirudi Bengamisa na pikapu hiyo ikiwa na pipa la dizeli tuliyochuja kwa kitambaa. Kwenye yale mabwawa ya tope nilifungua daftari langu, Mzee akachagua gia kabla ya kuingia, na hatukukwama. Sasa kinu kinazunguka vijiji kwa zamu, na vijana wawili wanalala ndani yake. Mama anakobolesha mpunga mlangoni kwake, maganda anabaki nayo kwa kuku na bustani, na mnunuzi kutoka mjini anamkuta na mchele.

Kwa ndugu wa ushirika wa Isangi, Yangambi, Bafwasende na kwingineko Tshopo: lipimeni trela lenu na barabara yenu kwanza, ndipo mwende Makiso kutafuta gari. Mchoro wa trela letu, pamoja na ile breki yake, uko ofisini Bengamisa. Njooni muunakili, hatudai malipo.