Karatasi ya Marehemu Mama

Hapa Keroka, binti yetu alitutaka tumshonee vazi la mtu wa zama zijazo kwa ajili ya igizo la shule. Alikuwa ametazama Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ambamo maji yameadimika duniani. Tulichokuwa nacho ni karatasi ya kukatia kanzu tu, yenye vipimo alivyoviandika marehemu mama kwa penseli. Mkasi ulitutetemeka mkononi. Hatukuikata. Tuliinakili juu ya gazeti, tukaigawa chini iwe suruali pana, tukaongeza nafasi ya kuketi, tukatia mpira vifundoni, vazi likapwaya kwa staha. Alipolivaa, mabega yalimkaa kana kwamba amepimwa na nyanyake, ambaye hakuwahi kumwona. Mola amrehemu.