Mabinti wa Selofehadi Walirudi Mara ya Pili

Leo fungua Hesabu 27, na usifunge Biblia mpaka usome 36, kisha uende Yoshua 17. Najua wengine mko shambani mnachuma na simu iko mfukoni. Someni wakati wa kupima majani. Nataka tuongee habari ya mashamba ya baba zetu, kwa sababu tangu mazishi ya miezi hii hapa Sigowet, dada zetu wameniuliza swali moja: "Pasta, na sisi je?"

Wengi tunajua nusu ya habari hii. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, hawakwenda kunong'ona kisimani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wasichana hao wako sawa, wapewe.

Sura ya 36, wazee wa ukoo wanakuja na hoja yao. Hawa wakiolewa kwingine, shamba litahama. Umewahi kuisikia hoja hiyo? Mimi nimeisikia karibu kila boma nililokaa, kutoka Sigowet mpaka kule chini Soin. Na angalia Mungu alivyofanya. Aliwasikiliza wazee, akaweka utaratibu wa ndoa ili ardhi isitoke katika kabila. Lakini shamba la wale wasichana halikuguswa.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Baba akifa bila wosia, mama aliyebaki anakaa na mali maisha yake, na baada yake watoto wanagawana sawa. Sheria inasema mtoto. Haikuuliza ni wa kiume au wa kike, ameolewa au hajaolewa. Kuna mzee aliniambia hiyo ni sheria ya Nairobi. Nikamwambia, mzee wangu, serikali iliacha nje mashamba ya wilaya kadhaa za wafugaji, Narok hapo jirani, Kajiado, Turkana, Pokot Magharibi na nyingine. Kericho haikuachwa nje. Kisha ikaja Katiba ya 2010, kifungu cha 2, ikasema mila yoyote inayopingana nayo ni batili.

Wala si jambo la makabila ya mbali. Kesi ya Rono dhidi ya Rono ilikuwa ya Wakalenjin wenzetu, shamba liko Uasin Gishu. Mahakama Kuu iliwapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, kwa sababu ile ile, kwamba wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikautengua mgawo huo, ikawapa watoto wote sawa.

Siwalaumu wazee wa kokwet kwa kuogopa karatasi za serikali. Sheria ilipofika Kericho mara ya kwanza ilikuja kuchukua ardhi, ndiyo sababu mashamba makubwa ya chai yako pale yalipo. Mwaka 1934 ikatungwa sheria nzima ya kuwahamisha Talai mpaka Gwassi. Na mila yetu haikuwa ya kipumbavu. Mwanamke alipata shamba kwa mumewe. Aliyekosa mwana aliweza kuoa mwanamke ili nyumba yake isianguke (sifundishi hilo madhabahuni, mnanijua, lakini naona walichokuwa wanalinda). Hakuna aliyekusudiwa kukosa pa kulima.

Lakini hiyo ilitaka ardhi ya kutosha, na ndoa zinazosimama. Leo ni ekari mbili za chai na ndugu sita. Dada amerudi na watoto watatu, analala jikoni kwa mama, anachuma kwa nambari ya kaka yake, na bonasi ikija Oktoba anangoja huruma. Mama akifariki, hata jiko hilo si lake.

Na mnajua linapofanyika? Si kortini. Linafanyika kwenye barua ya chifu. Barua ile ndiyo inayoeleza korti marehemu aliacha akina nani. Wana wanatajwa wote, hata aliye Qatar. Mabinti wanaachwa. Au jina linaandikwa, kisha dada analetewa fomu ya kukubali, anaambiwa, "Weka sahihi hapa, tumalize mambo ya mzee." Mkutano huo hufunguliwa kwa maombi. Na wanaoomba ni ninyi, watu wangu.

Binti anaweza kukataa fungu lake, ni haki yake. Lakini awe anajua fungu ni kiasi gani, na asiwe ametishwa kwamba hatapokelewa nyumbani au atalaaniwa. Habari ya laana someni Mithali 26:2.

Sasa Yoshua 17. Miaka imepita, Musa amekufa, nchi inagawanywa. Bwana alishasema, hukumu ilishatoka. Hata hivyo wale dada watano ilibidi waje tena, mbele ya Eleazari na Yoshua, wakumbushe. Ndipo wakapewa. Dada, haki yako imeandikwa tangu 1981, lakini hakuna atakayekuletea mlangoni. Nenda kwa chifu uisome barua kabla haijapelekwa. Ombi likichapishwa katika Gazeti la Serikali kuna siku 30 za kupinga. Korti ikitoa hati ya usimamizi, kwa kawaida kuna miezi 6 kabla ya kuithibitisha na kugawa. Na kama ulifichwa, hati hiyo inaweza kufutwa hata baadaye. Kaka, ukiuza kipande kabla ya hati hiyo, hilo ni kosa la jinai.

Wazee, hamjafukuzwa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, inaitaka mahakama ikuze njia zenu za kusuluhisha, mradi hazivunji haki za mtu. Kaeni, gawanyeni, pangeni nani apate upande wa mto na nani upande wa barabara. Hilo mnalijua kuliko hakimu. Lakini hesabuni watoto wote.

Jumapili baada ya ibada ya pili tutabaki kanisani. Leteni nakala ya cheti cha kifo na nambari ya shamba. Nitakuwa na fomu, na wazee watatu wa kanisa wamekubali kukaa nasi. Dada, njoo na kaka yako. Chai itakuwepo.