Mchoro Usiojua "Huenda": Kumbukumbu za Utotoni katika Filamu ya Katuni

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa fasihi simulizi kwamba hakuna toleo moja la ngano lililo sahihi kuliko mengine yote. Kila fanani hutamba kwa kadiri ya hadhira yake, na tofauti baina ya masimulizi ndiyo uhai wa utanzu wenyewe. Nilisadiki hivyo hadi tulipoketi, mama yetu na sisi ndugu watatu, ili kumbukumbu zetu za utotoni zigeuzwe kuwa filamu fupi ya hali halisi kwa njia ya katuni. Hapo nilitambua kwamba ni rahisi kuvumilia matoleo mawili ya kisa cha Sungura na Fisi kuliko matoleo mawili ya usiku uliotutoa nyumbani.

Usiku huo ulikuwa wa mwaka 1992, karibu na Molo, wakati wa mapigano ya kikabila yaliyozuka katika Bonde la Ufa kuanzia Oktoba 1991. Nyumba iliteketea pamoja na picha zote za familia. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998 kuyachunguza mapigano hayo, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Lakini ripoti ya tume haina nafasi ya msichana wa miaka minane ambaye, kama dada yangu, anakumbuka hasa harufu ya maua ya pareto yaliyoanikwa uani.

Ukosefu wa picha ndio uliotuelekeza kwenye katuni. Jambo hili si geni. Meli ya Lusitania ilipozamishwa mwaka 1915, hapakuwa na kamera iliyolinasa tukio hilo. Winsor McCay akalichora, na filamu yake ikatoka mwaka 1918. Nao John na Faith Hubley, katika Moonbird ya mwaka 1959, waliyarekodi mazungumzo ya wana wao wawili wakicheza, kisha wakaichora dunia iliyodokezwa na sauti hizo. Sisi pia tulianza na sauti. Mpwa wangu, aliyejitolea kuchora, alinieleza kuwa sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na kwamba mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, dakika sita zitahitaji michoro 4,320. Kila mmoja kati ya hiyo ulikuwa uamuzi.

Mama alisimulia kwa lugha ya nyumbani, ila kila alipomfikia jirani yetu aligeukia Kiswahili, kwa kuwa hicho ndicho walichozungumza naye miaka yote. Kwa mujibu wa mama, jirani huyo aligonga dirisha mara mbili na kusema, "Mama, toka na watoto sasa hivi." Kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, anashikilia kwamba alipotazama nyuma kutoka shambani alimwona mtu huyohuyo miongoni mwa waliochoma, ameshika kijinga cha moto. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Naliona dirisha na ninauona moto, lakini siwezi kuapa kwamba ninachokiona si masimulizi yao niliyolishwa tangu hapo.

"Sasa nimchore vipi, Mjomba?" mpwa wangu aliniuliza.

Swali hilo lilinifunza zaidi ya vitabu vingi vya nadharia. Lugha ina njia za kusitasita: msimulizi husema "huenda", "nadhani", "kama sikosei", na msikilizaji hupima. Mchoro hauna vihisishi vya shaka wala "-nge-" ya masharti. Ukimpa mtu kijinga mkononi, ameshika kijinga, ukimnyima, umemtakasa. Aidha, mtazamaji huyasahau maneno na kubaki na sura. Mama alilieleza jambo hili kwa ufupi nisioweza kuufikia: "Mkimchora uso, mtakuwa mmemhukumu. Mimi nilisikia sauti tu."

Hatimaye dirisha lilichorwa likiwa na giza tupu nyuma yake, na sauti ya mama juu ya milio miwili ya kugonga. Katika sehemu ya kaka, moto na vivuli vimechorwa kikamilifu, ila mtu mmoja ameachwa kama umbo jeupe la karatasi isiyoguswa. Matoleo yote mawili yamo, wala hayakanushani. Kwani mtu aliyeonya saa mbili angeweza kulazimishwa, au kuamua, kushika moto saa nne.

Kaka yangu hakuridhika. Alipoiona filamu alisema kwamba weupe ule ni adabu tuliyomfanyia mtu asiyestahili, na kwamba yeye alimwona usoni. Mama hakumjibu. Tuliyarekodi malalamiko hayo, kwa idhini yake, nayo ndiyo maneno ya mwisho yanayosikika, skrini ikiwa tupu. Sidhani kuwa tumemaliza mgogoro. Lakini tangu hapo, niwaambiapo wanafunzi kwamba kila toleo lina haki yake, huongeza swali ambalo zamani sikuliuliza: ni nani atakayeishi na toleo utakalolichagua?